Chuo kikuu kipya: jina zuri linatoka wapi, na mzazi wa Fizi aulize nini?

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Leta yakisha kutoka, vijana wanamwagiana poda nyeupe kichwani, motari wanapiga honi kutoka sokoni mpaka bandarini, na kwa siku mbili tatu Baraka yote ni furaha. Siku ya nne maneno yanabadilika. Katika nyumba ya mwenye diploma mpya wanaanza kuhesabu: shamba la mihogo, mbuzi, feza ya ndagala, deni la mjomba aliye Misisi. Mtoto ataenda kusoma wapi, na tutalipa na nini?

Wakati uleule matangazo ya vyuo yanaanza kufika kwenye redio. Karibu yote yanafanana: walimu wenye uwezo, mazingira mazuri, diploma inayotambuliwa na serikali, maandikisho yanaendelea. Sisi tunayasoma kwa sauti nzuri, maana yamelipwa. Tangazo ni tangazo. Lakini mzazi anayetusikiliza Mboko, Nundu ao Sebele anabaki na swali ambalo tangazo halijibu: chuo ambacho kina miaka michache tu, ambacho bado hakijatoa daktari wala mkurugenzi tunayemjua, nitajuaje kama kinafundisha kweli?

Makala hii si tangazo. Haisifu chuo fulani cha hapa, wala haikitupii kingine mawe. Inaeleza namna jina la chuo kikuu linavyojengeka, na fasi gani mtu wa kawaida anaweza kuangalia kabla ya kuuza mbuzi.

Vyote vilianza vikiwa vidogo

Kongo haikuwa na chuo kikuu hata kimoja mpaka mwaka 1954, wakati Lovanium ilipofunguliwa Kinshasa, iliyoitwa bado Léopoldville. Kikafuata cha Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1956, kisha cha Waprotestanti kule Kisangani mwaka 1963. Mwaka 1971 Mobutu akavichanganya vyote vitatu kuwa kimoja, UNAZA, na mwaka 1981 vikatenganishwa tena. Mtoto wa Fizi wa wakati ule aliweza kwenda kusomea ualimu kwenye ISP ya Bukavu, lakini kama alitaka sheria ao udaktari, alipaswa kuvuka nusu ya inchi.

Mambo yaligeuka mwaka 1989, milango ilipofunguka kwa vyuo vya kibinafsi. Mwaka huo Kanisa Katoliki likaanzisha UCB Bukavu, na UCG ikaanza Butembo. Mwaka 1991 Waprotestanti wakaanzisha UEA, kule Panzi. Katika miaka ya 1990 serikali nayo ikaleta matawi ya vyuo vyake Bukavu na Goma, ambayo leo yanaitwa UOB na UNIGOM. Kwa hiyo vile tunavyoviita leo vyuo vikubwa vya mashariki, vilikuwa vitoto juzi tu. UCB ilikuwa na miaka 7 wakati vita vya 1996 vilipoingia Bukavu. Mtu aliyemwandikisha mtoto wake pale mwaka 1990 alikuwa anabahatisha, sawasawa na mzazi wa Baraka leo.

Kisha mwendo huo ukashuka kando ya ziwa. Ukafika Uvira, ukafika huku kwetu. Na ni vizuri ulifika. Kutoka Baraka mpaka Bukavu ni zaidi ya kilometa 200, kwa barabara ambayo kila mmoja wetu anaijua wakati wa mvua. Mtoto anayesoma kule anahitaji chumba cha kupanga, chakula, makaa, usafiri, na minervali juu ya hayo yote. Kwa msichana ni vigumu zaidi, kwani familia nyingi zinaogopa kumwacha peke yake mbali hivyo. Halafu mwezi wa pili wa 2025 M23 ikaingia Bukavu, na kwa wazazi wengi wa huku barabara ile ikawa neno la kuombea. Chuo cha karibu, ambacho kwanza watu walikiona kama cha wale walioshindwa kwenda mbali, kikawa njia iliyobaki.

Na hapo ndipo kuna hatari ambayo naona haizungumzwi vya kutosha. Duka likiwa peke yake kwenye kartie, muuzaji hana haraka ya kufagia. Chuo ambacho watoto hawana namna ya kukikimbia kinaweza kuishi miaka mingi bila kutafuta jina zuri. Wanafunzi watakuja tu. Ndiyo maana ni wazazi na wanafunzi wenyewe wanaopaswa kuuliza.

Karatasi kwanza

Tuanze na kile kilicho rahisi. Chuo cha kibinafsi katika Kongo hakianzi kufundisha kwa sababu mwenyewe amejenga vyumba vitatu na kupaka rangi. Kinahitaji ruhusa ya wizara ya elimu ya juu, kwa amri ya waziri. Ruhusa ya kwanza ni ya muda. Ya kudumu inakuja baadaye. Ikisha kutolewa, kazi haijaisha: wizara inatuma wachunguzi kuangalia kama chuo kina uwezo wa kusimama, yaani walimu, majengo, vitabu, vifaa. Zaidi ya mara moja wizara imefunga vyuo vilivyoonekana havina uwezo huo, na wanafunzi wakabaki barabarani na risiti zao mikononi.

Kuna mtego mmoja unaonasa watu wengi. Ruhusa inataja pia masomo gani chuo kinaweza kutoa. Chuo kinaweza kuwa na kibali safi cha kufundisha uchumi na maendeleo vijijini, kisha mwaka wa tatu kikafungua fakulte ya afya kwa sababu vijana wanaitaka. Ukiuliza, watakuonyesha kibali, na kibali ni cha kweli. Lakini fakulte ya mtoto wako haimo ndani. Kwa hiyo usiombe tu kuona kibali. Omba wakuonyeshe mstari ambapo somo la mtoto limeandikwa.

Kitu cha pili ni uthibitisho wa diploma. Mwanafunzi wa chuo cha kibinafsi akimaliza, diploma yake inapaswa kupita Kinshasa, wizara iilinganishe na majina ya walioandikishwa na waliofaulu, kisha iithibitishe. Chuo ambacho hakitumi orodha zake kila mwaka kinawapa wanafunzi karatasi nzuri yenye muhuri ambayo, siku ya kutafuta kazi ya serikali ao kuendelea na masomo kwingine, inakataliwa. Chuo kipya ambacho kimekwisha kutoa wahitimu kinaweza kuulizwa swali jepesi: wale wa promosio ya kwanza, diploma zao zimerudi kutoka Kinshasa? Kama ndiyo, mmoja wao ataonyesha.

Lakini karatasi si masomo. Kuna vyuo vyenye kibali kamili ambavyo mwalimu haonekani mpaka mwezi wa tatu.

Saa 45 kwa wiki moja

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndiyo kiini.

Katika Kongo, waalimu wa vyuo vikuu wana ngazi zao. Chini kuna asista. Juu yake kuna shefu wa kazi, yule tunayemwita CT. Halafu ndipo wanakuja maprofesere, ambao wamefanya dokta. Kwa kanuni, asista anamsaidia profesere: anaongoza mazoezi, anasahihisha, anajifunza kazi. Hapewi kozi nzima peke yake. Lakini profesere ni wachache katika inchi, na walio wengi wanakaa Kinshasa, Lubumbashi, Kisangani, Bukavu na Goma. Chuo kichanga cha Baraka ao cha Fizi kinawapata wapi?

Kinawapata kwa ugeni. Profesere mgeni anaitwa, analipiwa njia, hoteli na saa zake, anafundisha, anarudi. Hilo lenyewe si baya. Hata vyuo vya Bukavu viliishi hivyo miaka mingi, na mgeni mzuri anaweza kumfungua mwanafunzi akili kupita mwenyeji mvivu. Ubaya uko kwenye hesabu. Kozi ya saa 45, ikitolewa saa 4 kwa wiki, inachukua karibu wiki 11. Mwanafunzi anasikia, anaenda nyumbani, anasoma silabusi, anarudi na maswali. Profesere mgeni hana wiki 11. Ana wiki moja, kwa sababu wiki inayofuata anangojewa Uvira, na kila usiku wa hoteli ni feza ya chuo. Basi saa 45 zinapakiwa katika siku 6. Ni saa 7 na nusu kwa siku, kuanzia asubuhi mpaka jua linapozama, kozi moja tu. Siku ya nne nusu ya chumba wanasinzia. Siku ya saba mgeni amepanda gari, na mtihani unaachwa mikononi mwa asista ambaye hakuwepo wakati somo linafundishwa.

Mwanafunzi anayefundishwa hivyo kwa mwaka mzima anaweza kupata pointi nzuri, kwa sababu anakariri silabusi. Mkimuuliza miaka miwili baadaye kozi ile ilikuwa inasema nini, anakumbuka jina la profesere.

Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu walimu si «muko na profesere wangapi?» Karibu kila chuo kitakupa orodha ndefu, na utashangaa kuona jina lilelile kwenye orodha za vyuo vinne. Uliza: walimu wangapi wanalala hapa Baraka? Wangapi mwanafunzi anaweza kuwakuta siku ya nne saa nane mchana, wakati hakuna kozi, akasema sikuelewa? Chuo chenye CT sita wakaaji, wanaoandaa dokta zao na kusahihisha kazi za wanafunzi kwa kalamu nyekundu, naona ni bora kuliko chuo chenye maprofesere ishirini wa kwenye karatasi. Najua wengine hawatakubali. Wanapenda cheo.

Na uliza pia chuo kinafanya nini ili kesho kiwe na wa kwake. Kinamtuma asista wake kufanya masta na dokta, ao kinamtumia mpaka anachoka na kwenda kutafuta kazi kwenye ONG? Asista akilipwa vibaya, ao asipolipwa miezi mitano, kozi inakuwa kitu cha mwisho kwenye siku yake. Mara mingi hapo ndipo mambo mengine machafu yanaanza, tutayafikia.

Mfano wa Beni

Kuna chuo kimoja cha mashariki ambacho kilijijengea jina kikiwa bado kichanga, na inafaa tukiangalie kwa sababu hali yake inafanana na yetu: mji wa mbali na Kinshasa, vita pembeni, familia za wakulima na wafanyabiashara wadogo. Ni UCBC, chuo kikuu cha Kikristo cha lugha mbili, kule Beni katika Kivu ya Kaskazini. Kilianza kufundisha mwaka 2007. Mwanzilishi wake, David Kasali, alikuwa ameongoza chuo cha teolojia Nairobi kabla ya kurudi Kongo.

Kilifanya mambo matatu ambayo vyuo vingine vya hapa havikuwa vinayafanya.

La kwanza ni lugha. Wanafunzi wanasoma kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Mwaka 2007 wengi waliona ni kujionyesha: Kiingereza cha nini Kongo? Miaka 15 baadaye, tarehe 8 mwezi wa nne 2022, Kongo ilitia sahihi mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika ya Mashariki. Sisi wa Fizi tunapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko watu wa Kinshasa. Kigoma iko ng'ambo ya maji. Watu wetu walikaa miaka mingi Nyarugusu, na kuanzia 2005 wengine walirudi kwa meli mpaka bandari ya Baraka, wakiwa na watoto wenye Kiswahili cha Tanzania na maneno ya Kiingereza mdomoni. Watoto hao walipoingia darasani huku, walipimwa kwa Kifaransa peke yake. Chuo cha Baraka ambacho kingechukua lugha hiyo ya ziada kama mali kingekuwa kimepata kitu ambacho Bukavu haina.

La pili ni kazi ya mikono. Pale Beni mwanafunzi analima, anafagia, anatunza kiwanja cha chuo, na hiyo ni sehemu ya masomo, si azabu. Kwetu mawazo ni mengine. Mtu anatumwa chuo kikuu ili aachane na jembe, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeonekana ameshika ufagio anaona haya mbele ya wale wa kartie. Lakini tajiri wa kazi anapochagua kati ya wawili wenye pointi sawa, anamchukua yule anayejua kuamka asubuhi.

La tatu ni kutumikia wakaaji. Wanafunzi wanatumwa nje ya chuo kufanya kazi pamoja na watu, na kitengo cha utafiti cha chuo kimeingia hata katika mambo ya udongo: kuchora ramani za mashamba kwa kompyuta pamoja na wakaaji, ili mipaka ijulikane na magomvi yapungue. Fikiria kazi ya namna hiyo Mutambala ao Ngandja, ambako kesi za udongo zinajaza meza za wakubwa.

Halafu majaribu yakaja. Mauaji ya raia Beni na vijijini pembeni yalianza mwezi wa kumi 2014. Tarehe 1 mwezi wa nane 2018 Ebola ikatangazwa, na Beni ikawa moja ya vituo vyake vikubwa mpaka mwisho wake ulipotangazwa tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Chuo kimepita katika hayo yote. Naona jina lake linatoka hapo kuliko kwenye majengo. Watu wa Beni walikiona kinabaki.

Lazima niongeze upande wa pili. UCBC ina marafiki Marekani wanaochangia, na si kila chuo kitapata bahati hiyo. Mtu wa Baraka anaweza kusema: wape na wetu dola, watafanya vilevile. Ni kweli kwa majengo na kompyuta. Si kweli kwa saa za kozi kuheshimiwa. Si kweli kwa mwanafunzi kushika jembe. Wala haihitaji mfadhili kuwatuma wanafunzi wa kilimo kwenda kuangalia mihogo inayokunjika majani kwa mozaiki, ao wale wa afya kutembea nyumba kwa nyumba wakati kolera inaporudi, na tunajua inarudi karibu kila mwaka. Maji ya ziwa yalipopanda na kuingia katika nyumba za watu kando ya Tanganyika, hapo palikuwa na kazi ya mwisho wa masomo kwa promosio nzima. Bado ipo.

Kwa wale wa Bukavu mfano uko wazi zaidi. UEA ilikuwa chuo kidogo cha makanisa. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, ikawa fasi ambapo wanafunzi wake wa udaktari wanajifunza kazi kitandani mwa mgonjwa. Mwaka 2018 Mukwege akapewa tuzo ya Nobel ya amani, na dunia nzima ikasikia jina la Panzi. Lakini mwanafunzi hakusubiri Nobel. Alichohitaji kilikuwa hospitali ya kweli karibu na darasa. Sisi tuna hospitali ya Nundu, ambayo wakaaji wameitegemea kwa miaka mingi. Chuo cha afya cha eneo hili kipimwe hapo: wanafunzi wake wanakaa stage miezi mingapi, na nani anawasimamia?

Maisha ya mwanafunzi

Jina la chuo linaonekana mbali kama moshi, lakini mwanafunzi ndiye anayekaa karibu na moto. Ukitaka kujua, mwache akueleze mambo madogo.

Silabusi, kwa mfano. Katika vyuo vingi vyetu mwalimu anaandika silabusi, anaipeleka fotokopi, mwanafunzi anaambiwa ainunue. Asiponunua, jina lake haliko kwenye karatasi fulani, na ile karatasi inafuatana na pointi. Hapo silabusi si kitabu tena, ni kodi. Chuo kinachojiheshimu kinaiweka kwenye maktaba, hata nakala tatu, ao kinaitoa kwenye simu. Maktaba yenyewe, iulize: inafunguliwa saa ngapi? Nimeshaona katika eneo letu maktaba nzuri yenye kufuli lenye kutu.

Kifaransa ni jambo lingine. Mwalimu anafundisha kwa Kifaransa, nyuma wanaelezana kwa Kiswahili, na wawili wa pembeni wanacheka kwa Kibembe. Hakuna ubaya. Mwalimu mzuri anajua kusimama, kusema neno lile kwa Kiswahili, kisha kurudi. Mbaya ni yule anayeficha kutokujua kwake nyuma ya Kifaransa kirefu.

Sasa lile zito. Inchi nzima inajua maneno ambayo wanafunzi wameyabuni kwa uchungu: pointi zinazoambukiza kwa njia ya ngono. Ni mwalimu kumwambia msichana kwamba kozi yake haitapita mpaka aje kumwona mahali fulani. Msichana akikataa, anarudia mwaka, na baba anasema nyumbani kwamba binti hana akili. Akikubali, kila pointi atakayopata maisha yake yote itasemwa vibaya, hata ile aliyoifanyia kazi usiku kucha. Mara mingine si ngono, ni feza: dola kadhaa ndani ya karatasi ya mtihani. Matokeo ni yaleyale. Diploma inashuka bei kwa wote, hata kwa mvulana aliyesoma kwa haki.

Chuo kichanga kina nafasi nzuri hapa, kwa kuwa bado ni kidogo na tabia haijashika mizizi. Kuna mambo yanayosaidia na hayana gharama kubwa. Mitihani inaweza kuandikwa kwa namba badala ya jina. Karatasi iliyosahihishwa inaweza kurudishwa kwa mwanafunzi aone makosa yake, na siku za kulalamika zikatangazwa. Mama mmoja mwenye mamlaka anaweza kuwekwa katika uongozi, ambaye msichana anaweza kumfikia bila kupita kwa yuleyule anayemsumbua. Mzazi aulize wazi: mwanafunzi akidai pointi zake ziangaliwe upya, anaandikia nani, na anajibiwa kwa siku ngapi? Uongozi ukicheka swali hilo, amejibiwa.

Neno juu ya LMD

Wengi bado wanachanganyikiwa, basi kwa ufupi. Zamani mtu alifanya gradua miaka 3, kisha lisanse miaka 2. Kwa mpango mpya wa LMD, ambao serikali iliusambaza katika inchi yote kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, lisanse ni miaka 3, masta miaka 2, kisha dokta. Masomo yanahesabiwa kwa kredi: 60 kwa mwaka, 180 kwa lisanse nzima. Ndani ya kredi kuna saa za darasani na saa ambazo mwanafunzi anafanya kazi mwenyewe.

Ile sehemu ya mwisho ndiyo inayotuumiza. Kufanya kazi mwenyewe maana yake ni kitabu, umeme usiku, intaneti. Mwanafunzi anayekaa kwa shangazi na kusomea kwenye mwanga wa simu, yunite zikiisha siku ya tatu, zile saa anazifanyia wapi? Chuo chenye chumba kimoja chenye paneli za jua, kilicho wazi mpaka saa tatu ya usiku, kimeelewa LMD. Chuo kilichobadilisha tu majina ya kozi na kuandika LMD kwenye ukuta bado kiko kwenye gradua.

Na uliza kama chuo kina ruhusa ya masta ao ni lisanse peke yake. Hakuna haya kuwa na lisanse tu. Haya ni kumficha mtu mpaka mwaka wa tatu.

Nani wa kumuuliza?

Usimuulize wa mwaka wa kwanza, bado ana furaha ya poda nyeupe. Anayemaliza naye hafai sana, kwa sababu diploma yake inategemea jina la chuo, na atalitetea. Tafuta wa mwaka wa pili. Ameshalipa mara mbili, ameshapita mitihani, na bado ana hasira ya kutosha kusema kweli. Muulize kozi ngapi za mwaka jana zilimaliza saa zake, na ngapi zilikuja wiki ya mwisho kabla ya mitihani.

Waulize pia wale wanaopokea wahitimu: daktari wa kituo cha afya, mkurugenzi wa shule ya sekondari, kiongozi wa ushirika wa wavuvi. Wanajua kwa wiki mbili kama kijana aliyekuja anajua kazi, na hawalipwi kusema.

Kisha panda moto, nenda chuoni mwenyewe. Usiende siku ya kutoa diploma, wakati kuna suti, muziki na viti vya kukodi. Nenda siku ya pili ya wiki ya kawaida, katikati ya mwaka, saa tatu asubuhi. Hesabu vyumba vyenye mwalimu ndani. Ukitoka hapo pita kwa sekretaria uombe kuona kibali na ule mstari wa fakulte ya mtoto. Kuangalia hakulipiwi.